Mikono ya Mwisho: Akina Mama wa Tabaka na Jiwe la Kisii

Anayepita katika maduka ya vinyago yaliyo karibu na Fort Jesus, hapa Mombasa, hukuta rafu zimejaa viboko na tembo wadogo, sahani za rangi ya maziwa, vishikio vya mishumaa na vijaluba vya kuwekea pete. Ukikishika kimoja utahisi ubaridi wake na ulaini wake, kana kwamba kimepakwa mafuta. Muuzaji atakwambia ni jiwe la Kisii, atataja bei yake, na mazungumzo yataishia hapo. Wengi wetu tunacho japo kimoja juu ya kabati la sebuleni, na watoto wamekua nacho bila ya kuuliza kimetoka wapi wala ni nani aliyekilainisha hata kikawa hivyo.

Kimetoka Tabaka, kijiji cha Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii, takriban kilomita 800 kutoka kwenye bahari yetu. Msafiri atokaye Mombasa hupita Nairobi, hushuka Bonde la Ufa, huvuka mashamba ya chai, kisha huingia katika nchi ya vilima vilivyobanana ambavyo havina hata kipande kilichoachwa bure. Kutoka mji wa Kisii huifuata barabara iendayo Rongo na Migori, na baada ya mwendo usiofika saa nzima huiacha barabara kuu na kuelekea kijijini. Mtu hujua amefika kwa kuiangalia ardhi: njia imetapakaa vipande vyeupe na vya waridi, kuta za vibanda zimefunikwa na vumbi kama unga wa ngano, na kila upande husikika mlio wa panga likigonga kitu ambacho si mti.

Jina lenyewe hutushitua sisi wa Pwani, kwani kwetu tabaka ni safu iliyolala juu ya safu. Hiyo ni sadfa ya masikio yetu tu, lakini ukisimama ukingoni mwa machimbo utaona jinsi linavyopafaa mahali hapo. Juu upo udongo mwekundu unaoota migomba na mahindi, na chini yake limelala jiwe: jeupe, la rangi ya malai, la waridi, la kijivu, na mara nyingine jeusi au jekundu. Likiwa bado na unyevu wa ardhini huwa laini hata kisu cha jikoni hulikata. Waingereza waliliita kwa jina la sabuni kwa sababu ya utelezi huo. Wenyeji, ambao jiwe lolote huliita rigena, walikuwa wakilitumia kabla ya mgeni yeyote kulipa jina. Walilichonga vibakuli na viko vya tumbaku.

Wakisii, au Abagusii kama wanavyojiita wenyewe, ni Wabantu, na lugha yao ni ndugu ya Kiswahili, ijapokuwa ndugu hawa wamekaa mbali kwa muda mrefu. Nyumba kwao ni enyomba. Lakini mgeni kutoka Lamu au Malindi na ajihadhari: mtoto wa Kikisii akiita "baba", anayeitika ni mama yake. Baba mzazi huitwa tata. Ni jambo dogo la kuchekesha, na bado kila nilipolifikiria niliona limebeba zaidi ya kichekesho, kama itakavyoonekana mbele.

Serikali ya kikoloni ilifungua kituo chake katika nchi hiyo mwaka 1907, mahali palipoitwa Getembe, ndipo penye mji wa Kisii wa leo. Wenyeji wakapaita Bosongo, yaani mahali pa Wazungu. Haikupita muda. Januari 1908 kijana aitwaye Otenyo alimchoma mkuki mtawala Northcote, akamjeruhi bila ya kumuua, na masimulizi ya Wakisii yanamtaja mwanamke mmoja, Moraa Ng'iti, mganga na mwonaji wa mambo, kuwa ndiye aliyewachochea vijana wasikubali kutawaliwa. Adhabu iliyofuata ilikuwa kali: nyumba zilichomwa moto, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu, na watu wengi wakauawa. Katika historia ya nchi hiyo basi, sauti ya mwanamke imo tangu ukurasa wa kwanza wa ukoloni.

Na Uislamu nao umo. Katika mji wa Kisii upo mtaa wa Wanubi, kizazi cha askari waliotumikia jeshi la King's African Rifles, na adhana husikika hapo pamoja na kengele za makanisa. Waislamu ni wachache sana katika Kisii na Nyamira. Vijijini kama Tabaka, Wakatoliki na Waadventista ndio wengi, na hospitali kubwa iliyopo kijijini hapo ni ya misheni ya Kikatoliki. Siku ya Jumamosi Waadventista huweka chini panga na msasa, na wenzao hufanya hivyo Jumapili.

Siku ya kazi huanza kabla ya jua. Nchi hiyo iko juu, mita zaidi ya 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi yake ni ya ukungu na baridi ambayo sisi hatuijui. Mwanamke wa kijiji huamka akawasha kuni, akapika chai ya maziwa, akawatayarisha watoto kwenda skuli, kisha akaanza jambo lililo kubwa kuliko yote katika siku yake: maji. Kwa kawaida maji ya nyumba ni ya kupikia, kufulia na kuogea. Kwa mwanamke wa Tabaka kuna na mengine, nayo ni maji ya jiwe, na haya ndiyo yanayoelemea kichwa na shingo, kwa sababu jiwe halilainishwi kavu. Mtungi wa plastiki wa lita 20 hupanda kilima kutoka chemchemi ya bondeni mara mbili, mara tatu, na siku ya kazi nyingi hata zaidi.

Kazi yenyewe imegawanyika kwa desturi iliyokaa miaka mingi. Wanaume huingia machimboni na sururu na mtaimbo, wakalibandua jiwe kutoka katika tabaka lake. Wanaume pia ndio huchonga umbo, kwanza kwa panga, kisha kwa patasi na visu vidogo. Kutoka machimboni hadi kibandani, mara nyingi jiwe husafiri kichwani au mgongoni mwa mwanamke. Na umbo likishachongwa, likiwa limejaa makovu ya panga na kingo kali, hukabidhiwa kwake tena. Huketi chini penye kivuli, miguu ameinyoosha mbele, beseni la maji ubavuni. Huanza na msasa mkali, kisha wa wastani, kisha mwembamba kabisa, na baina ya kila hatua hutumbukiza jiwe majini akalisuuza, akalitazama kwenye mwanga, akalirudia. Kiboko kisichozidi kiganja humchukua muda mrefu kwa sababu ya masikio yake na mikunjo ya shingo. Sahani ni rahisi zaidi, lakini haisamehe kosa: mkwaruzo mmoja katikati huonekana na kila mtu. Mwisho hulianika likauke, akalipaka nta na kulisugua kwa kitambaa, na hapo ndipo rangi zilizojificha hutokeza, mishipa ya waridi na ya kahawia ambayo mchongaji mwenyewe hakuiona alipokuwa akichonga.

Kwa hiyo ule ulaini tunaousifu dukani si wa jiwe peke yake. Ni kazi ya mkono, na mkono huo kwa kawaida ni wa mwanamke. Wapo siku hizi wanawake wanaochonga wenyewe, na wanaume wanaopiga msasa, lakini mgawanyo wa zamani bado ndio unaoamua malipo. Mchongaji huhesabiwa kuwa ndiye mwenye kazi. Mpiga msasa hulipwa kwa idadi ya vipande, na sehemu yake ni ndogo kuliko ya wengine waliomtangulia. Na akiwa mke wa mchongaji, mara nyingi hapana hesabu kabisa, kwani huonekana anamsaidia mumewe. Sisi tunaojua mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kuhusu mfanyakazi, jasho lake na ujira wake hatuna haja ya kuelezwa uzito wa jambo hilo. Wala tusiwanyoshee kidole Wakisii: mwanamke wa Pwani anayeshona kofia za vito miezi mitatu, akamwachia tajiri wa duka faida yote, ni dada yake.

Mzizi wa mambo, hata hivyo, uko chini zaidi, katika ardhi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliikuta Kaunti ya Kisii na watu 1,266,860, yaani zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita moja ya mraba, na hao ni watu wa mashamba, si wa maghorofa. Baba aliyerithi ekari nne na kuzaa wana wanne humwachia kila mmoja ekari moja, na wajukuu hupata vipande ambavyo mtu hukimaliza kimoja kwa hatua chache. Katika Tabaka kipande hicho huweza kuwa na jiwe chini yake, au kisiwe nalo, na hapo ndipo bahati za majirani zinapoachana. Mwenye shimo huuza jiwe au hukodisha haki ya kuchimba. Asiye na shimo hununua jiwe kwa mwenziwe, au huuza nguvu zake tu.

Sasa turudi kwenye lile neno enyomba. Katika desturi ya Wakisii, hasa zamani mwanamume alipokuwa na wake wengi, kila mke alikuwa na nyumba yake, shamba lake la kulima na ng'ombe waliohesabiwa kwake. Mali ilifuata nyumba ya mama: wana wa nyumba hii hawakuweza kudai kilicho cha nyumba ile. Mama ndiye mlango ambao urithi ulipitia. Lakini ulipita tu. Waliorithi walikuwa wanawe wa kiume. Binti aliolewa na kwenda kulima kwa mumewe, na mama mwenyewe hakuwa na hati wala sauti ya kuuza. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, na Katiba ya mwaka 2010 zimempa binti haki sawa na ndugu yake, na wapo waliokwenda mahakamani wakaipata. Vijijini wengi hawaendi. Binti anayedai shamba huogopa kupoteza ndugu zake, na katika nchi ambayo ndugu ndio bima ya maradhi na ya uzee, hofu hiyo si ya kipuuzi.

Sisi Waislamu tunayo Suratun-Nisaa, iliyompa mwanamke fungu lake lenye kuhesabika karne nyingi kabla ya bunge lolote. Msomaji mkweli na ajiulize ni mashamba mangapi ya minazi kutoka Kwale hadi Kilifi yaliyogawanywa na mafungu ya mabinti yakasahauliwa kwa heshima na upole, "dada yetu hana haja".

Katika kaunti jirani ya Nyamira, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Kisii hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, hali hiyo hiyo imevaa nguo ya kijani. Huko ni nchi ya chai. Wanawake ndio wengi katika kuchuma, vikapu mgongoni tangu alfajiri, wakakoka foleni kwenye kituo cha kupimia majani. Kiwanda hulipa kila mwezi na mara moja kwa mwaka hutoa bonasi, na fedha hizo huingia kwa jina la mkulima aliyesajiliwa, ambaye mara nyingi ni mwenye shamba, ambaye mara nyingi ni mume. Waume wema wapo, na nyumba nyingi zimesomesha watoto hadi chuo kikuu kwa bonasi hiyo. Lakini kila mtu katika nchi hiyo anajua kisa cha bonasi iliyoishia mjini kabla ya kufika jikoni.

Jiwe lina hatari ambazo chai haina. Machimbo ya Tabaka mengi huchimbwa kwa mkono, na kuta zake husimama wima bila ya nguzo. Msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, udongo mwekundu hulewa maji ukaporomoka, na wachimbaji wamekufa humo. Shimo lililokwisha jiwe huachwa wazi, likajaa maji, likawa makazi ya mbu na tishio kwa watoto. Hatari nyingine haina kishindo. Kukata na kusugua kwa maji huzuia vumbi, lakini si kazi yote hufanywa kwa maji. Tupa na msasa mkavu hurusha unga mwembamba, na unga wa jiwe ukiingia mapafuni hautoki. Mama huketi humo siku nzima na mtoto mchanga akiwa pembeni yake. Barakoa, ambazo sote tulizivaa mwaka 2020, zingefaa zaidi huko kila siku ya kazi kuliko zilivyotufaa sisi sokoni.

Wanawake hawa hawakukaa kusubiri rehema. Wakisii wa zamani walikuwa na egesangio, kikundi cha majirani waliolimiana mashamba kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Ukikifikiria utaona ni kile kile tunachokiita mchezo, isipokuwa jembe limechukua nafasi ya fedha. Kutoka katika mazoea hayo vimezaliwa vikundi vya Tabaka vya leo, ambavyo hununua msasa kwa jumla, hupokea oda za pamoja kutoka kwa wanunuzi wa biashara ya haki wa Ulaya na Marekani, na huweka akiba kwa ajili ya karo. Ndani ya kikundi mpiga msasa huandikwa jina lake na idadi ya vipande vyake. Ni daftari tu, lakini nyumbani halikuwapo.

Jioni, beseni likishamwagwa na maji yake meupe kama tui kutiririka hadi kwenye migomba, huanza kazi ya jiko. Chakula kikuu ni obokima, ugali, zamani wa wimbi na leo zaidi wa mahindi, na kando yake mboga chungu: rinagu, ambayo kwetu ni mnavu, na chinsaga, ambayo ni mgagani. Chinsaga huchemshwa muda mrefu na kutiwa maziwa ili uchungu upungue, na ndiyo anayopewa mwanamke aliyejifungua ili damu yake irudi na maziwa yatoke, kama sisi tunavyompa mzazi uji wa pilipili manga. Mwenye ng'ombe huwa na kibuyu cha maziwa ya kuganda. Ndizi hazikosekani. Kwa hakika mgeni anayekwenda huko akidhani atakuta njaa atashangaa. Kinachokosekana ni fedha taslimu, na ndiyo maana jiwe likapewa umuhimu wote huu.

Kijiji hiki kidogo kimetoa pia jina kubwa. Elkana Ong'esa, aliyezaliwa Tabaka, alilitoa jiwe la kwao kutoka kwenye vijaluba akalifanya sanaa ya ukubwa wa mtu na zaidi. Ndege wake wa amani, Enyamuchera, amesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Wanafunzi wake wengi wameendeleza kazi hiyo. Lakini mkate wa kila siku wa Tabaka hautokani na Paris. Hutokana na mtalii anayenunua kiboko cha mfukoni, na kwa hiyo kijiji kilichokaa mbali na bahari kimefungwa kamba moja na pwani yetu. Hoteli za Diani na Nyali zinapokosa wageni, kama ilivyokuwa wakati wa korona, maduka ya Mombasa huacha kuagiza, na beseni la mwanamke wa Tabaka hukauka. Na hapo mtoto hurudishwa nyumbani kwa kukosa karo, aghalabu wa kike kwanza.

Jambo hili linatuhusu pia kama wanunuzi. Familia nyingi za Kiislamu hupita mbali na vitu hivi kwa sababu ya masanamu, na wanazuoni wetu wamefundisha kujiepusha na maumbo ya viumbe wenye roho majumbani. Lakini kiboko na tembo huchongwa kwa sababu ndivyo mtalii avitakavyo. Mikono ile ile huchonga sahani, vibakuli, mitungi midogo, ubao wa bao na michoro ya kijiometri isiyo na kiumbe ndani yake, na huchonga kwa vipimo utakavyotuma. Angalizo moja: tusiagize aya za Qur'ani juu ya sahani na vijaluba vitakavyowekwa popote na kuoshwa na mtu yeyote. Na sahani iliyotiwa rangi na nta ni ya kupamba, isitiwe chakula.

Kitu ambacho jiwe hili linakifaa kuliko vyote, na ambacho katika maduka yetu sijakiona hata kimoja, ni chetezo. Jiwe la Tabaka hustahimili moto na hushika joto muda mrefu baada ya kaa kuzimika, na chetezo cha udongo tunajua kinavyomeguka ukingo. Anayetaka kuagiza ataje kwamba kisitiwe rangi wala nta, na kikauke vizuri kabla ya kusafirishwa, kwa kuwa jiwe lenye unyevu likipata moto wa ghafla huweza kupasuka. Kina cha vidole vitatu kinatosha kwa makaa na udi, mguu uwe mpana ili kisipinduke watoto wakipita mbio, na ukingo upigwe msasa hadi ule wa mwisho, ulio mwembamba kabisa. Gharama ya msasa huo wa mwisho iulizwe peke yake, na ilipwe kwa jina la aliyeufanya.